Mbwa wa Mbegu Kubwa Nyumbani: Kumpata Mfugaji Mwaminifu na Kutunza Manyoya

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha ushuke polepole)

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani na redio yako ndogo, keti kivulini. Mada ya leo yahusu mnyama ambaye siku hizi amebisha hodi katika maboma mengi, mijini na hata mashambani. Mnyama huyo ni mbwa wa mbegu kubwa.

Pengine utauliza, mbwa na afya ya mama na mtoto vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Mara nyingi baba ndiye husema, "Wezi wamezidi, tutafute mbwa mkubwa." Mbwa aletwapo, atakayempikia ni mama. Atakayeosha blanketi lake ni mama au msichana wa kazi. Atakayecheza naye uani ni mtoto. Na mbwa akigonjeka, wa kwanza kuambukizwa ni hao hao. Kwa hivyo ni haki ya mama kujua mambo matatu kabla mbwa hajaingia langoni: anatoka kwa nani, manyoya yake yanahitaji kazi gani, na watoto watalindwa vipi.

Mbwa wa mbegu kubwa ni yupi?

Tunaposema mbwa mkubwa sana, tunazungumzia yule ambaye akikomaa huwa na uzito wa kilo 45 au zaidi. Wengine hufika kilo 70 au 80, yaani uzito wa mwanamume mzima. Hapa kwetu wanaojulikana ni Boerboel, aliyetoka katika mashamba ya Afrika Kusini. Great Dane, ambaye jina lake lataja Denmark lakini mbegu yake ilikuzwa Ujerumani. Saint Bernard, wa milima ya Uswisi. Na mbwa wa milima ya Kaukazi, ambaye watu humwita Caucasian kwa kifupi.

Mama, yafahamu mambo manne kuhusu mbwa hawa.

Kwanza, wanakula sana. Great Dane mzima aweza kumaliza kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, au sufuria kubwa ya ugali, nyama na mboga.

Pili, wanakua kwa muda mrefu. Mbwa wa kawaida hukomaa akiwa na mwaka mmoja. Hawa huchukua miezi 18 hadi 24, na mifupa yao ni laini wakati huo wote. Ukimlisha kupita kiasi ili anenepe haraka, au ukimwongezea dawa za mifupa bila kuuliza daktari, viungo huharibika.

Tatu, maisha yao ni mafupi. Wengi huishi miaka 7 hadi 10. Mtoto aliyeanza nasari naye atamlilia kabla hajamaliza shule ya msingi.

Nne, wengi hupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Tumbo huvimba ghafla na kuwa gumu, mbwa hujaribu kutapika lakini hatoi kitu, na hatulii. Hili si jambo la kungoja asubuhi. Ni la kumkimbiza kwa daktari wa mifugo saa ile ile, kwa maana mbwa aweza kufa baada ya saa chache. Ili kupunguza hatari hiyo, gawa chakula chake mara mbili au tatu kwa siku, na usimkimbize mara baada ya kula.

Nitampataje mfugaji mwaminifu?

Wako watu wa aina mbili wanaouza mbwa. Kuna mfugaji anayejua anachofanya, na kuna mchuuzi. Mchuuzi hukaa kando ya barabara na watoto wa mbwa ndani ya katoni, au hutuma picha nzuri kwa simu na kukuambia, "Tuma pesa kwa M-Pesa, nitamleta kesho." Usitume. Picha si mbwa. Wengi wamelipa wakabaki kungoja, na wengine wameletewa kilebu anayehara damu, akafa kabla ya juma kwisha. Ugonjwa huo wa kuhara damu, unaoletwa na virusi vya parvo, huua vilebu wengi wasiopata chanjo, na virusi vyake hukaa katika udongo wa boma kwa miezi mingi. Ukileta kilebu mwingine hapo bila chanjo, naye ataambukizwa.

Basi anza wapi? Anza kwa daktari wa mifugo wa eneo lako. Yeye ndiye anayewachanja mbwa wa wafugaji, kwa hivyo anajua nani anaweka boma safi na nani huficha wagonjwa. Waweza pia kuuliza East Africa Kennel Club, chama chenye makao Nairobi, ambacho huwasajili mbwa wa mbegu na kuandaa maonyesho yao. Lakini elewa jambo hili: cheti cha ukoo kinakuonyesha wazazi wa mbwa ni akina nani. Hakikuambii kwamba ana afya. Afya utaitazama mwenyewe.

Ukifika kwa mfugaji, mwombe haya:

Akuonyeshe mama ya vilebu. Usikubali kuambiwa kwamba mama yuko shamba au amepelekwa kwa jamaa. Mama mwoga sana au mkali kupita kiasi aweza kuzaa watoto wa tabia hiyo. Mtazame pia manyoya yake. Vilebu walionyonya kwa mama mwenye upele nao watakuwa na upele.

Akuonyeshe mahali wanapolala. Pawe pakavu, pasafi, na pasiwe na harufu kali ya mkojo.

Akuonyeshe kadi ya chanjo yenye sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Chanjo za kwanza huanza kilebu akiwa na majuma 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya majuma machache hadi miezi 4 hivi. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja akiwa na miezi 3. Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi, akiwa na majuma 2 tu, kwa sababu vilebu wengi huzaliwa wakiwa na minyoo tayari kutoka tumboni mwa mama yao.

Akueleze juu ya nyonga za wazazi. Mbwa wakubwa hurithi ubovu wa nyonga, na mbwa akikua anachechemea na kushindwa kusimama. Mfugaji mzuri huwapiga wazazi picha ya eksirei kabla ya kuwapandisha.

Asikupe kilebu aliye chini ya majuma 8. Kabla ya hapo bado anahitaji maziwa ya mama, na ndugu zake humfundisha kutouma kwa nguvu.

Na jambo la mwisho litakushangaza: mfugaji mwaminifu naye atakuuliza maswali. Una ua? Una watoto wa umri gani? Nani atashinda nyumbani? Chakula utakipata wapi? Yule asiyekuuliza lolote ila "Una pesa?", muage kwa heshima uende zako.

(Muziki mfupi)

Mkague kilebu kama unavyomkagua mtoto kliniki

Mama, hili unalijua tayari. Ukipeleka mtoto kliniki, muuguzi humtazama macho, masikio, ngozi na tumbo. Fanya vivyo hivyo.

Macho yawe maangavu, yasitoe usaha. Pua isitoe makamasi. Tumbo lisiwe limevimba kama ngoma huku mbavu zimetokeza; hiyo ni dalili ya minyoo. Inua mkia utazame chini yake. Pasiwe na mavi yaliyogandamana, kwani ni dalili ya kuhara. Mwache atembee, umwone kama anachechemea.

Kisha njoo kwenye manyoya. Pitisha mkono kinyume, kutoka mkiani kuelekea shingoni, ili uione ngozi. Ngozi njema ni safi na laini. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, huenda huo ni choa, ambao wengine huita mashilingi. Ukiona ngozi nyekundu yenye magamba, na kilebu hajiachi kujikuna, huenda ni upele. Vyote viwili vyaweza kumpata mtoto wako. Usidanganywe na manyoya yanayong'aa kwa juu. Mchuuzi hodari humwogesha kilebu asubuhi ya kuuza.

Manyoya mafupi au manyoya marefu?

Manyoya ya mbwa si pambo tu. Humkinga jua, baridi, mvua na mikwaruzo. Lakini kila mbegu ina manyoya ya mahali ilikotoka.

Boerboel na Great Dane wana manyoya mafupi yanayolala. Haya ni rahisi kutunza. Burashi ya mpira au glavu ya kusugulia, mara moja kwa juma, yatosha. Shida yao ni nyingine: ngozi yao haina godoro. Mbwa mzito akilala kwenye simiti kila siku, viwiko hupata sugu nyeusi, ambazo baadaye hupasuka na kuingia uchafu. Mtandikie gunia lililojazwa nyasi kavu au godoro kuukuu. Usiku wa baridi kule Limuru au Nyahururu, hata mbwa huyu mkubwa hutetemeka.

Saint Bernard mwenye nywele ndefu na mbwa wa Kaukazi wana manyoya ya tabaka mbili. Juu kuna nywele ndefu zinazozuia maji. Chini kuna sufi laini, nzito, inayohifadhi joto la mwili. Mungu aliwapa sufi hiyo kwa theluji ya milimani. Ukimweka mbwa wa namna hii Mombasa, Garissa au Lodwar, umemvisha koti la sufu mchana wa jua kali. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje.

Zijue dalili za joto kumzidi: kuhema kwa nguvu bila kutulia, ulimi na ufizi mwekundu sana, mate mazito, kuyumba kama mlevi, kutapika. Mpeleke kivulini upesi, mmwagie maji baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kama ana fahamu, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Wengine hufikiri dawa ni kumnyoa. Hapana. Mbwa wa tabaka mbili akinyolewa hadi ngozini, jua humchoma, na nywele zaweza kuota tena vibaya, zikiwa mabaka mabaka. Kinachomsaidia ni kuchana ile sufi iliyokufa itoke, ili hewa ipite hadi ngozini. Kama unaishi mahali pa joto kali, ushauri wetu ni mfupi: chagua mbegu ya manyoya mafupi, au usichukue mbwa wa milimani kabisa.

Kazi ya kuchana, hatua kwa hatua

Mbwa wa manyoya marefu anahitaji kuchanwa angalau mara tatu kwa juma. Anapopukutisha sufi, mchane kila siku. Mbwa mkubwa aliyechanwa vizuri atakuchukua nusu saa au zaidi. Jiulize kama unayo.

Mchanie nje, mbali na jikoni, na mbali na kamba ya nguo za mtoto. Vaa leso kuukuu au dasta. Usimwachie mtoto kazi hii peke yake.

Tumia chanuo la chuma lenye meno marefu, lifike kwenye ngozi. Ukichana juu juu tu, nje atapendeza huku chini nywele zinajisokota. Gawa manyoya kwa mkono, fungu baada ya fungu, uchane kutoka kwenye ngozi kwenda nje.

Tazama sana nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkia na nyuma ya mapaja. Hapo ndipo nywele hufungamana zikawa kama mkeka. Chini ya mkeka huo unyevu hukaa, ngozi huchacha, na katika msimu wa mvua nzi hutaga mayai. Fundo likishakaza usilivute. Lifungue kwa vidole polepole. Likishindikana, mwachie daktari wa mifugo au kinyozi wa mbwa alikate. Makasi karibu na ngozi yamewajeruhi mbwa wengi.

Sasa fanya jaribio dogo. Mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Ukiona chembe nyeusi kama unga wa kahawa, zitazame. Zikigeuka nyekundu kwenye unyevu, hayo ni mavi ya viroboto, na wekundu huo ni damu waliyofyonza. Basi jua kwamba viroboto wako pia kwenye malalo yake, na huenda hata kwenye zulia la nyumbani. Kumtibu mbwa peke yake hakutatosha. Fua matandiko yake kwa maji moto, kando na nguo za watu, uyaanike juani, na ufagie nyufa zote.

Kuoga je? Mara moja kwa mwezi au kila baada ya miezi miwili yatosha, isipokuwa amechafuka au daktari amesema vingine. Ukimwogesha kila juma unaondoa mafuta ya ngozi yake, naye ataanza kujikuna. Tumia sabuni ya mbwa, si sabuni ya kufulia wala ya vyombo. Msuuze mpaka maji yatoke safi. Mwenye manyoya marefu mwogeshe asubuhi ya jua ili akauke hadi chini kabisa kabla ya jioni. Kausha masikio yake kwa kitambaa, na wale wenye midomo inayoning'inia wafute mate kila siku kwenye mikunjo.

(Muziki mfupi)

Kupe, funza na dawa za kuogeshea

Kila umchanapo, mpapase kwa vidole. Kupe hupenda masikioni, shingoni, na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa huleta homa zinazoua mbwa kwa kumaliza damu, na waweza pia kumwambukiza mtu homa yenye vipele na maumivu ya kichwa. Ukimwona kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa, wala usimponde kwa kucha. Mtumbukize kwenye spiriti au maji ya sabuni, kisha unawe mikono.

Tazama pia nyayo. Katika sehemu zenye funza, mbwa hupata funza kama watoto wanavyopata. Familia inatoa funza kwa watoto kila siku, huku mbwa wa nyumbani anawarudisha. Watibuni wote pamoja.

Na hapa, wapenzi wasikilizaji, naomba mniskize kwa makini. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukammwagia mbwa kwa kukadiria. Mbwa hujilamba, naye atameza sumu hiyo. Mtoto atamkumbatia, kisha atie vidole mdomoni. Nenda kwa daktari wa mifugo au agroveti, taja uzito wa mbwa, upewe dawa ya mbwa na kipimo chake. Ihifadhi juu, penye kufuli, kamwe si katika chupa ya soda.

Magonjwa yanayotoka kwa mbwa kwenda kwa mtoto

Minyoo ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na mavi. Mayai ya minyoo mviringo huhitaji majuma mawili hivi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa mavi kila siku na kuyafukia au kuyatupa chooni, umekata njia. Ukiyaacha, mtoto anayetambaa au kula udongo atayameza, na mabuu yake yaweza kufika kwenye ini, hata kwenye jicho.

Kuna pia tegu mdogo sana wa mbwa, ambaye mayai yake hushikamana na manyoya. Mtu akiyameza, uvimbe wenye maji huota kwenye ini au mapafu, ukikua polepole kwa miaka. Turkana wanaujua ugonjwa huu vyema. AMREF ilianza mradi wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Mbwa humpata tegu huyu kwa kula ini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia aliyeambukizwa. Kwa hivyo ukichinja, usimtupie mbwa matumbo mabichi. Chemsha yaive, au uyafukie ndani kabisa. Mpe mbwa mzima dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na daktari ahakikishe inaua tegu pia.

Kama mtoto ana pumu au ngozi ya kuwashwa, mpeleke mara kadhaa kwenye boma lenye mbwa wa aina hiyo kabla ya kununua. Hakuna mbegu ya mbwa isiyosababisha mzio kabisa, hata mchuuzi akiapa.

Lakini ugonjwa ninaotaka ukumbuke kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka. Katika kila 10, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba. Kabla ya dalili, unazuilika kabisa. Ndiyo maana Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivi kufikia 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa kila mwaka.

Mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au mbwa akimlamba kwenye kidonda, fanya hivi. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Paka spiriti au ayodini kama ipo. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wenu. Usipake pilipili, mafuta ya taa, wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Wengine huogopa kwa kuwa walisikia sindano ni nyingi na huchomwa tumboni. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi huchomwa mkononi au pajani, kwa siku zilizopangwa. Usikose hata moja. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe na atazamwe kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Mtoto na mbwa chini ya dari moja

Mtoto wa miaka mitatu, kimo chake ni sawa na mdomo wa mbwa mkubwa. Ndiyo maana watoto huumwa usoni na kichwani. Hata mbwa mpole, akigeuza mkia tu, aweza kumwangusha mtoto, mama mjamzito au nyanya mwenye mkongojo.

Sheria ya kwanza ni hii: mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata dakika moja. Kisha wafundishe watoto wakubwa: usimsumbue mbwa anapokula, anapolala, au akiwa na watoto wake. Usimkumbatie shingoni wala kumvuta manyoya. Mbwa usiyemjua akikukaribia, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni. Ukishamgusa mbwa, nawa mikono kabla ya kula.

Na msimfunge mnyororo mchana kutwa mkidhani ataukuza ukali. Mbwa anayefungwa bila kuzoeshwa watu hajui tofauti ya mwizi na mtoto wa jirani.

Kabla hatujaagana

Mama, kabla ya kusema ndiyo, chukua kalamu na karatasi. Andika chakula cha mwezi, chanjo za mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, sabuni, na akiba ya ugonjwa wa ghafla. Andika pia saa za kuchana na jina la atakayechana. Mkae chini na mwenzako myahesabu pamoja. Kama hesabu haitoshi, si aibu. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, aliyechanjwa na kushibishwa, atabweka usiku mwizi akija, na ugali wake hautawanyima watoto. Mashirika yanayowaokoa wanyama, kama vile KSPCA huko Nairobi, huwa na mbwa wanaotafuta makao.

Kama hesabu inatosha, basi mnunue kwa macho mawili: mwone mama yake, soma kadi yake, pekua manyoya yake. Na akishafika nyumbani, mtunze ili naye asiwaletee maradhi.

Mwambie na jirani. Tukutane tena wakati kama huu, na mlale salama.

(Muziki wa kufunga kipindi)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni mbwa wangapi wamechanjwa dhidi ya kichaa mwaka huu? Nani ataenda kuuliza ofisi ya mifugo ya kaunti lini chanjo ijayo itafanyika?

2. Jirani ametumiwa picha ya kilebu kwa simu na kuombwa pesa. Tungemshauri nini?

3. Ni kituo gani cha afya kilicho karibu nasi chenye dawa ya mtu aliyeumwa na mbwa? Tutafikaje huko usiku?

4. Kila mmoja aonyeshe jinsi ya kuosha kidonda cha kuumwa na mbwa. Dakika 15 ni ndefu kiasi gani? Tuzipime kwa saa.